Orodha ya Vyuo Vikuu kwa Kijana Mwenye Kutaka Sayansi

Katika mambo tunayoulizwa sana na wazee ambao watoto wao wakaribia kumaliza masomo ya sekondari ni hili: mtoto wangu ana akili ya hisabati na sayansi, naye ataka kwenda kusoma Marekani, je, aombe vyuo gani, na vingapi? Tumeona yatupasa kulijibu suala hili katika somo letu la leo kwa urefu kidogo, kwani wako vijana hodari waliokosa kila mahali, si kwa upungufu wa akili zao, bali kwa ubaya wa orodha zao. Na kijana aliyekosa kwa sababu hiyo hupoteza mwaka, na pengine hupoteza na moyo wa kutafuta elimu, na hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi.

Kwanza tufahamu mambo yalivyo huko. Hapa kwetu Kenya, mwanafunzi aliyepata C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE huchagua masomo ayatakayo, na idara moja ya serikali, nayo ni KUCCPS, humpanga kwa mujibu wa alama zake. Marekani hapana idara kama hiyo. Kila chuo ni nyumba mbali yenye mlango wake na bawabu wake, na kila bawabu huamua peke yake. Mwanafunzi hupeleka alama zake za skuli, barua za waalimu wake, insha aliyoiandika mwenyewe, na mara nyingi mtihani uitwao SAT, ambao alama zake huishia 1600. Vyuo vingi hupokea maombi kwa fomu moja iitwayo Common Application, iliyoanza mwaka 1975, nayo humruhusu mtu kuomba vyuo visivyozidi 20. Vingine, kama Massachusetts Institute of Technology, ambacho watu hukiita MIT, vina fomu zao wenyewe. Basi mzigo wa kuchagua wamwangukia mwanafunzi na wazazi wake, na chombo cha kuchagulia ni orodha.

Orodha iliyo sawa ina mafungu matatu. La kwanza ni vyuo vya tegemeo: hivi ni vile ambavyo kijana ana hakika, au karibu na hakika, ya kupokewa, na nyumbani kwao waweza kulipa, naye mwenyewe yu radhi kwenda. La pili ni vyuo vya kadiri, ambavyo alama zake zalingana na alama za wale wanaopokewa, akaweza kupata na akaweza kukosa. La tatu ni vyuo vya tamaa, ambavyo hukataa wengi kuliko wanaowapokea, hata miongoni mwa walio hodari. Muradi wa somo letu ni mmoja: orodha hujengwa kuanzia msingi, haijengwi kuanzia paa. Watu wengi huanza kwa MIT na Harvard, kisha mwisho, usiku wa kufunga maombi, huongeza chuo kimoja cha tegemeo wasichokijua hata kilipo. Huko ni kuezeka kabla ya kutia mawe.

MAS'ALA YA KWANZA: HISABU YA TAMAA

Wako wasemao: mtoto wangu ataomba vyuo vikubwa kumi; lazima kimoja kimpokee. Maneno haya yaonekana kuwa na akili, lakini hisabu yayakataa.

Vyuo kama MIT, Harvard na California Institute of Technology hupokea kiasi cha watu 3 hadi 5 katika kila 100 waombao, na kwa wanafunzi wa nchi za nje nafasi ni ndogo zaidi. Tuchukue 5 katika 100, kwa ukarimu. Maana yake ni kwamba katika chuo kimoja, 95 katika 100 hukataliwa. Akiomba vyuo viwili, uwezekano wa kukataliwa na vyote viwili ni 95 katika 100 mara 95 katika 100, nao ni 90 na kitu. Endelea na hisabu hiyo mpaka vyuo 10, utaona kwamba uwezekano wa kukosa vyote ni karibu 60 katika 100. Akiomba vyuo 20, hata hivyo wabaki karibu 36 katika 100 kwamba hatapata hata kimoja.

Na hii ni hisabu ya upole, kwani yachukulia kila chuo kuwa kama kete iliyorushwa mbali na nyingine. Hakika sivyo. Vyuo vyote vyasoma faili moja, na udhaifu anaouona bawabu wa kwanza aghlabu huuona na wa pili. Basi kuongeza idadi ya vyuo vya tamaa hakumwongezei kijana amani kama anavyodhani. Humwongezea ada za maombi, ambazo mara nyingi ni dola 50 hadi 90 kwa kila chuo, ijapokuwa mwenye uhitaji aweza kuomba asamehewe. Humwongezea na insha za kuandika, mpaka ile iliyokuwa njema ikawa ya haraka haraka. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Hatusemi asiombe vyuo vya tamaa. Na aombe viwili au vitatu, avichague kwa sababu anayoweza kuieleza. Tunalokataa ni kuifanya tamaa kuwa ndiyo orodha nzima.

MAS'ALA YA PILI: FEDHA NI NUSU YA MIZANI

Vitabu vingi vya shauri viandikwavyo Marekani hupima chuo kwa alama peke yake, kwa kuwa viliandikiwa watoto wa huko, wenye misaada ya serikali yao. Mtoto wetu hana msaada huo. Kwa hivyo kwake yeye mizani ina vitanga viwili, alama na fedha, na kitanga cha fedha ndicho aghlabu kinachozama.

Mwaka mmoja katika vyuo vingi vya binafsi vya Marekani sasa wapita dola 80,000, pamoja na malazi na chakula. Kwa kima cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 10, na masomo ni miaka minne. Vyuo vya majimbo ni rahisi kidogo, lakini kwa mgeni navyo aghlabu hupita dola 40,000 kwa mwaka. Basi kabla ya kuandika jina la chuo chochote, wazee na wakae na mtoto wao, wamwambie kwa uwazi: sisi twaweza kutoa kiasi hiki kila mwaka, wala hatuwezi zaidi. Hakuna aibu katika kusema hivyo. Aibu ni kuuza shamba la mirathi la ndugu wote kwa mwaka wa kwanza, kisha mtoto akarudi mwaka wa pili mikono mitupu.

Kwa upande wa msaada, vyuo vya huko kwa wageni ni namna nne.

Namna ya kwanza ni vyuo ambavyo havitazami uwezo wa mwanafunzi wakati wa kuamua, na wakimpokea humtimizia upungufu wote. Navyo ni vichache: MIT, Harvard, Yale, Princeton na Amherst vimejulikana hivyo kwa muda, na mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin vikatangaza kujiunga nao. Namna ya pili hutazama uwezo, na huenda ukamkataa mwenye uhitaji mkubwa, lakini wakimpokea humtimizia. Mfano wake ni Swarthmore na Carleton. Namna ya tatu hutoa zawadi kwa wenye alama njema bila ya kutazama umasikini wao, na zawadi hiyo aghlabu haitoshi kulipa yote. Namna ya nne haitoi kitu kwa mgeni au hutoa kidogo mno. Na humo mna vyuo vingi vya majimbo vyenye sifa kubwa katika sayansi, kama vile University of California.

Tazama ajabu ya jambo hili. Chuo kilicho kigumu kabisa kuingia chaweza kuwa rahisi kabisa kulipia, na chuo kilicho rahisi kuingia chaweza kuwa hakilipiki. Kwa mtoto wa masikini, chuo cha namna ya nne si tegemeo hata kikipokea kila mtu, kwani kukubaliwa bila ya fedha ni karatasi tu. Wala karatasi hiyo haimpi visa, maana sheria yamtaka aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza kabla chuo hakijampa hati ya kuombea visa.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi khasa, nalo ni mikopo. Mikopo ya masomo apewayo mgeni na mabenki ya huko huwa na riba, na aghlabu hutaka mdhamini aliye raia au mkaazi wa Marekani. Mwenye kujikinga na riba na ajue kwamba viko vyuo vilivyoondoa mikopo katika misaada yao wakaweka mahali pake misaada isiyorudishwa: Princeton kilifanya hivyo mwaka 2001, na Amherst na Bowdoin mwaka 2008. Barua ya msaada ikija, isomwe mstari kwa mstari, itenganishwe zawadi na mkopo, kwani huandikwa pamoja na kujumlishwa pamoja, na asiyeangalia hudhani zote ni zawadi.

MAS'ALA YA TATU: SAYANSI YENYEWE

Kijana akisema ataka sayansi, mwulize: sayansi gani, na kwa namna gani? Kuna atakaye kujenga mitambo, na kuna atakaye kukaa maabara kutafuta lisilojulikana. Hawa wawili orodha zao si moja.

Atakaye uhandisi, kwanza atazame kama masomo yale yamethibitishwa na ABET, ambacho ni chombo cha Marekani cha kukagua mafunzo ya uhandisi. Aangalie pia kama chuo humpokea mtu chuoni kwa jumla, au humpokea katika idara maalumu. Vyuo vingi huko humwacha mwanafunzi achague fani baada ya mwaka mmoja au miwili. Lakini katika vyuo vikubwa kama University of Illinois huko Urbana-Champaign na University of Washington huko Seattle, idara ya kompyuta ina mlango wake, nao ni mwembamba kuliko mlango wa chuo. Basi mtu aweza kuona kwamba chuo hupokea nusu ya waombao, akakiandika katika vyuo vya kadiri, kumbe idara aitakayo ni ya tamaa.

Atakaye utafiti, na aulize: je, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hushika vyombo mwenyewe, au hutazama wakubwa? MIT kina mpango wa kuwaingiza wanafunzi hao katika utafiti wa waalimu tangu mwaka 1969. Lakini si vyuo vikubwa peke yake. Reed College, chuo kidogo huko Portland, Oregon, kina kinu cha nyuklia cha utafiti tangu mwaka 1968, na waendeshaji wake wengi ni wanafunzi wa shahada ya kwanza. Na kila mwanafunzi wa chuo hicho huandika tasnifu kabla ya kutoka. College of Wooster huko Ohio nacho humtaka kila mwanafunzi afanye utafiti wake akiongozwa na mwalimu mmoja. Harvey Mudd College huko California, kilichoasisiwa mwaka 1955, hakina hata wanafunzi 1,000, nacho kimejulikana kwa wingi wa wahitimu wake wanaoendelea mpaka udaktari wa sayansi na uhandisi.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamefika. Huko Marekani kuna mafunzo ya utafiti ya wakati wa likizo yanayolipwa na National Science Foundation, na malipo hayo ni kwa raia na wakaazi wa kudumu, mgeni hayamfikii. Kwa hivyo mtoto wetu na akiulize kila chuo: je, mna fedha zenu wenyewe za utafiti ambazo mgeni aweza kupewa? Chuo chenye jibu la wazi katika jambo hili ni bora kwake kuliko chuo chenye jina kubwa na jibu la kuzungukazunguka.

MAS'ALA YA NNE: TUZIPATE WAPI KHABARI ZA KWELI?

Watu wengi huchagua kwa kufuata ngazi zinazochapishwa na magazeti: hiki cha kwanza, hiki cha pili, hiki cha kumi. Hii ni taqlidi, wala haina tofauti na taqlidi nyingine tunazozikemea. Mwaka 2022 mwalimu wa hisabati wa Columbia University alizichambua tarakimu ambazo chuo chake mwenyewe kilizipeleka kwa gazeti la U.S. News, akaonyesha kwamba nyingine si sahihi. Chuo kikakiri kuwa baadhi ya hisabu zilikosewa, na katika ngazi iliyofuata kikashuka kutoka daraja ya 2 mpaka ya 18. Je, waalimu wake walipungukiwa na elimu kwa miezi michache? La. Lililobadilika ni tarakimu. Basi atakayemchagulia mtoto wake kwa ngazi hizo na ajue amejenga juu ya nini.

Njia iliyo bora ni kurejea asili ya khabari. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka uitwao Common Data Set, wenye maswali yale yale kwa vyuo vyote, kila sehemu ikiwa na herufi yake. Asomaye waraka huo na atazame sehemu nne. Sehemu ya C yaeleza walioomba ni wangapi na waliopokewa ni wangapi, na alama za SAT za walioingia: ile ambayo robo ya wanafunzi wako chini yake, na ile ambayo robo wako juu yake. Sehemu ya H, katika swali la 6, yaeleza wageni wangapi walipewa msaada na kila mmoja alipata kiasi gani kwa wastani. Sehemu ya I yaeleza ukubwa wa madarasa. Sehemu ya J yaeleza katika shahada zilizotolewa, ngapi katika mia ni za biolojia, za hisabati, za uhandisi na kadhalika. Na chuo kisichotoa shahada za fizikia ila chache mno, huenda idara yake ya fizikia ni jina tu.

Kwa khabari hizo kijana aweza kupanga mafungu yake bila ya kubahatisha. Chuo kinachopokea chini ya 20 katika 100 ni cha tamaa kwa kila mtu, hata mwenye alama kamili. Kwani huko MIT robo tatu ya walioingia wamepata 780 au zaidi katika 800 za hisabati, na hata wenye 800 hukataliwa kwa maelfu. Chuo ambacho alama zake ziko katikati ya zile mbili tulizozitaja, na hupokea robo hadi nusu ya waombao, ni cha kadiri. Chuo ambacho yeye yuko juu ya zote mbili, nacho hupokea zaidi ya nusu, ni cha tegemeo kwa upande wa alama. Kisha na aipime fedha: akihitaji msaada mkubwa na chuo chatazama uwezo, na akipandishe daraja moja, cha tegemeo kiwe cha kadiri, na cha kadiri kiwe cha tamaa.

MAS'ALA YA TANO: MITHALI MBILI

Tuseme kuna binti wa Mombasa, hodari katika kemia, SAT yake ni 1450, na baba yake aweza kutoa dola 6,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi 780,000. Katika tamaa aweza kuandika MIT, Princeton na Carleton. Katika kadiri aweza kuandika vyuo vidogo vyenye maabara nzuri na desturi ya kuwasaidia wageni, kama St. Olaf huko Minnesota na Wooster huko Ohio, na vingine viwili vya namna hiyo atakavyovichunguza kwa waraka tulioutaja. Na tegemeo? Hapa twataka msomaji asimame kidogo. Kwa binti huyu, Marekani nzima ni vigumu kumpatia chuo kimoja cha tegemeo la kweli, kwa kuwa kila chuo kitakachompokea kwa yakini hakitamlipia kwa yakini. Basi tegemeo lake liko nyumbani: kemia katika University of Nairobi, au Jomo Kenyatta University of Agriculture and Technology huko Juja.

Tuseme tena kuna kijana mwenye alama hizo hizo, ataka uhandisi wa mitambo, na baba yake mfanyabiashara aweza kutoa dola 50,000. Orodha yake ni nyingine kabisa. Purdue huko Indiana, chuo cha jimbo alichosoma Neil Armstrong, kwa uhandisi kitakuwa cha kadiri. Rose-Hulman, huko huko Indiana, na Worcester Polytechnic Institute huko Massachusetts hupokea zaidi ya nusu ya waombao na hutoa zawadi za alama, navyo vyakaribia kuwa tegemeo, kwa sharti zawadi iteremshe gharama mpaka kiasi cha baba. Lakini huyu naye asiache kuandika chuo cha nyumbani. Kwani mwaka 2025, mwishoni mwa Mei, serikali ya Marekani ilisimamisha kupanga mahojiano mapya ya visa za wanafunzi ulimwenguni kote kwa muda wa kama wiki tatu, na sheria za mambo haya hubadilika bila ya kumshauri mwanafunzi. Tegemeo lililo nyuma ya mlango wa balozi si tegemeo kamili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

MASWALI NA MAJIBU

Suala: Mtoto wangu ataka udaktari wa tiba. Je, orodha hii yamfaa?
Jibu: Marekani tiba husomwa baada ya shahada ya kwanza, na skuli nyingi za tiba za huko hazipokei wageni, na zipokeazo huchukua wachache. Hapa kwetu mwanafunzi huingia tiba moja kwa moja kutoka sekondari. Atakaye kuwa tabibu, njia ya nyumbani ndiyo fupi na ndiyo iliyo wazi zaidi.

Suala: Kuna maombi ya mapema, waitayo Early Decision. Je, aombe?
Jibu: Maombi hayo aghlabu hufungwa tarehe 1 Novemba, na ndani yake mna ahadi: ukipokewa utakwenda, na maombi mengine utayaondoa. Hupandisha nafasi katika vyuo vingi, lakini huondoa uwezo wa kulinganisha msaada wa chuo hiki na kile. Msaada usipotosha, kijana aweza kuomba afunguliwe; ama kuvunja kwa sababu ameona kizuri zaidi, hilo silo. Ahadi ni deni, hata kwa mtu wa mbali asiyekujua. Asiye tayari kutimiza asiweke mkono.

Suala: KCSE hufanywa mpaka mwisho wa Novemba, na maombi ya kawaida ya Marekani hufungwa mwanzo wa Januari. Afanyeje?
Jibu: Wengi huomba mwaka unaofuata, matokeo yakiwa mkononi, na hilo ni jema. Lakini na atahadhari: vyuo vingi vya Marekani humhisabu aliyekwisha kuandikishwa katika chuo kikuu kuwa ni mwenye kuhama, na msaada wa wenye kuhama ni mchache zaidi. Basi kabla ya kuanza masomo hapa huku akingoja majibu ya huko, na akiandikie kila chuo kilicho katika orodha yake aulize sharti lao. Kuuliza si ujinga.

Suala: Akibaki nyumbani, je, hatakuwa ameshindwa?
Jibu: Ahmed Zewail alisoma shahada yake ya kwanza Alexandria, kwao Misri, akenda Marekani baadaye, akapata udaktari University of Pennsylvania mwaka 1974, na mwaka 1999 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia. Na ni jambo la kawaida huko kwamba mwenye kusoma udaktari wa sayansi hasomeshwi kwa fedha zake. Chuo humlipia masomo na kumpa posho kwa kazi ya kufundisha na kutafiti. Basi mlango anaodhani umefungwa kwa miaka minne, huenda akaingia baadaye kwa fedha za mwenye nyumba. Na hapa pwani tusidharau vya karibu: Technical University of Mombasa, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education, ni chuo kikuu kamili tangu mwaka 2013.

Na yule atakayepokewa na chuo kisichokuwa na jina, naye asione haya. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960, katika safari zile za wanafunzi alizozipigania Tom Mboya, akapelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake katika mji wa Atchison, Kansas, ambacho hapa kwetu hakuna aliyekuwa akikisikia. Mwaka 1964 akapata shahada ya biolojia, kisha akaendelea Pittsburgh, na mwaka 1971 akapata udaktari Nairobi. Mwaka 2004 ulimwengu ukampa Nobel ya amani. Waliomfundisha huko Atchison walimpa maabara, waalimu wanaomjua kwa jina lake, na gharama alizozimudu. Mengine aliyafanya mwenyewe.

KHATIMA

Kwa ufupi: vyuo 8 hadi 10 vyatosha. Viwili viwe vya tegemeo, na viandikwe kwanza. Vinne au vitano vya kadiri. Viwili au vitatu vya tamaa. Kila chuo kiwe na sababu yake kuandikwa, na sababu hiyo iwe ni sayansi itakayosomwa na fedha itakayolipwa, si sifa ya kusema barazani. Kisha kijana na akitazame kila chuo cha tegemeo, ajiulize: nikipata hiki peke yake, je, nitakwenda kwa furaha? Akijibu la, basi hakijawa tegemeo, na arudi kutafuta.

Mtoto ni amana mikononi mwetu, na akili aliyopewa ni amana mikononi mwake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atuwafikishe sisi wazee tuwashauri kwa ukweli. Amin.